Wiki ya Mizani

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumeitwa ofisini kabla hata hatujashika mafagio. Msimamizi wetu — tunamwita Filimbi, maana filimbi haimtoki shingoni, nadhani hata analala nayo — ametangaza kwamba halmashauri yetu na ile ya ng'ambo ya barabara zimekubaliana. Taka zitazolewa pamoja. Lori moja, dampo moja. Tumepiga makofi. Mimi nimepiga kuliko wote, kwa sababu amesema pia wafagiaji watapewa mikataba mipya, na mkataba unakuja na kadi ya matibabu, yako na ya watoto wako.

Kadi! Kifaranga wangu ana mwaka na miezi minne, na kifua kinamlia kama mlango usiotiwa mafuta. Bibi yake, mama mkwe wangu, amemsugua mgongo, amemfunika, amembeba wima usiku kucha. Wapi.

Wenzangu walipotoka, Filimbi akanirudisha. Barabara ninayofagia mimi ndiyo mpaka wenyewe: huku kwetu, kule kwao. Kuanzia kesho mpaka Jumamosi taka za kila upande zitapimwa kwenye mizani, na kila halmashauri itachangia gharama ya lori kulingana na uzito wa taka zake. Halafu akanikonyeza. Akasema kwetu kuwe kwepesi. Nikamwelewa.

Kusema kweli si jambo geni. Tangu nianze kazi huwa nasukuma kidogo ng'ambo ya mstari wa katikati, na mfagiaji wa kule ananirudishia kidogo. Mwanzo tulinuniana. Siku moja ganda la tikiti likavuka mara tatu, tukaangaliana, tukacheka mpaka tukakaa chini. Toka hapo yeye ni Dada Ng'ambo. Amenizidi miaka kumi na kitu, ana watoto watatu anaowalea peke yake. Mimi ananiita mdogo wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimevusha. Na si kidogo. Matawi, chupa, vumbi lote la mbele ya gereji, majani ya mferejini. Kwangu viroba vinne. Kwa Dada Ng'ambo kumi na kimoja. Nilingoja anirudishie kama kawaida yetu. Hakurudisha hata karatasi. Akafagia tu, taratibu, akaniambia leo mdogo wangu una nguvu, umekula nini? Nikacheka.

Filimbi amenionyesha dole gumba.

Jumatano, 5 Machi

Kwangu vitatu, kwake kumi na tatu. Mgongo si wangu tena.

Jioni zahanati. Muuguzi amemsikiliza Kifaranga kifuani, mbele na nyuma, muda mrefu. Amesema anatakiwa aonwe na daktari wa kifua kule hospitali kubwa, akaniuliza kadi. Nikasema iko njiani. Akasema sawa mama, siku ikifika mlete siku hiyohiyo, usingoje. Njia nzima nimemwimbia mwanangu: kadi inakuja, kadi inakuja. Anapiga makofi, hajui kitu, anafurahi kwa sababu nafurahi.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa namsaidia karani wa mizani kufunga viroba. Binti mpole, ametumwa na halmashauri zote mbili, hana upande. Katikati ya mazungumzo akanipa pole. Nikauliza ya nini. Akanionyesha daftari lake. Kumbe mizani haigawi gharama tu, inagawa na watu! Palipo na taka nyingi ndipo atakapobaki mfagiaji. Palipo pepesi hapahitaji mtu, yule wa upande wa pili atapamalizia. Viroba vitatu kwa siku, amesema, si kazi ya kumpa mtu mkataba.

Viroba vitatu. Kwa mikono yangu mwenyewe.

Nyumbani nimemweleza mama mkwe. Ameacha kukunja nguo, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Halafu akaniona uso, akajuta. Akanipa Kifaranga nimpakate, akanitengenezea chai, akaweka sukari nyingi kama ya mgonjwa.

Filimbi alijua? Naona hakujua. Aliambiwa kuwe kwepesi, akaishia hapo.

Nimewaza kesho nizivute taka za Dada Ng'ambo zije kwangu. Kisha nikawaza wale watoto wake watatu. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwendea mapema kabla ya lori, tukakaa ukingoni mwa mfereji. Nimemwambia yote. Nilivyoagizwa, nilivyovusha, alivyosema karani. Nikamwomba radhi. Yeye anakwangua tope kwenye ufagio kwa kijiti, hanitazami.

"Nilijua tangu Jumanne," akasema. "Mimi pia niliagizwa kuvusha. Ila karani alinidokeza mapema habari ya watu, na wewe ukawa unaniletea mwenyewe. Nikanyamaza, mdogo wangu. Nilikuwa nakuangalia unajimaliza, na nikanyamaza."

Hasira ilikuja, ikakosa pa kukaa. Na mimi je? Nilikuwa nambebesha mzigo nikidhani namwonea! Baadaye akaniuliza, kifua cha mtoto vipi? Nikalia kidogo. Naye akalia kidogo, akasingizia vumbi.

Tumekubaliana jambo la kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia magotini, ukingoni mwa mfereji. Saa nne asubuhi.

Leo hakuna aliyevusha. Kila mmoja amefagia toka ukutani kwake hadi kwenye mstari wa katikati, tukaziacha hapohapo. Tuta moja refu, toka gereji mpaka kona ya shule. Karani akafika, akalitazama, akauliza hizi ni za upande gani.

"Za barabara," akasema Dada Ng'ambo.

Karani akacheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza, na zile za siku zote? Nyuma yake Filimbi amenitolea macho, filimbi mdomoni, hapulizi.

Nikasema. Zote. Toka Jumanne. Dada Ng'ambo akaongeza ya kwake, mpaka lile la kunyamaza, ambalo hakuna aliyemuuliza. Karani akarudi kurasa za nyuma, moja moja, akaweka kalamu. Kwa hiyo wiki nzima, akasema, nimepima mikono yenu, sikupima taka. Akapiga simu mbili, moja kila halmashauri.

Filimbi akaja nilipo. Nilijua nitafokewa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye ana familia, nisimtaje. Akageuka aende, akarudi. Akasema, basi, nitaje tu. Akaenda kukaa kwenye toroli, peke yake. Nimemwonea huruma.

Wakitufukuza, watatufukuza wote. Wakifuta vipimo waanze upya, huenda wakaona barabara hii ni ya watu wawili. Tuta lile peke yake, karani amelipima: viroba kumi na sita. Mtu mmoja hawezi, hata awe na mikono minne. Nimemwona ameandika na kupigia mstari. Mtu hapigii mstari kitu cha bure, au siyo?

Magari mawili yamefika. Moja limetokea juu, moja chini, na kila moja limeegeshwa upande wake. Wakubwa wa halmashauri zote mbili wamepeana mikono juu ya tuta, wameinua suruali zisiguse. Karani anawaonyesha daftari. Sasa mmoja anauliza, ni nani aliyeanza kuvusha.

Dada Ng'ambo ameshainuka, anapangusa sketi. Si yeye aliyeanza! Ngoja niweke kalamu, asiende peke yake —