Tuko Watano

Mama Doriane, mke wangu,

Mbuzi ameshazaa? Usimfunge karibu na mihogo ya jirani, yule mama ana mdomo.

Hapo kambini Base Camp watasema nimeuawa ulingoni Mbarara. Waongo! Meno yote ninayo. Ngumi yenyewe sikuiona. Taa zilizimika tu, na pale chini pakawa patamu kama mkekani kwetu. Nilipozinduka, daktari alinionyesha vidole: "Ngapi?" Nikamnyooshea kidole changu, kama kwenye mashine ya alama za vidole siku ya posho ya wakimbizi, nikataja watu wa nyumba yetu: "Tuko watano." Walicheka sana. Hawajui kwamba tangu tumzike Doriane tuko wanne.

Lakini pale chini alikuwepo, mke wangu. Anakula maharage, anakuomba umwongezee. Ndiyo maana nilichelewa kuamka.

Baba Doriane