Mke Wangu Alipiga Makofi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaiharibu nyumba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni mchimba visima, kazi yangu ni kuzunguka na mashine, leo huku kesho kule, nikitoka nyumbani ni miezi, na zamani wakati namchumbia mke wangu nilimpa riwaya moja ambayo watu wa rika letu wote tuliisoma shuleni, ya mwanamke anayemngoja mumewe msafiri miaka nenda miaka rudi, mpaka siku anarejea na mvi zake, wanakumbatiana mlangoni, basi, mwisho, nami nikamwambia, "Ukiisoma hii utanijua."

Sasa binti yetu mkubwa anatengeneza filamu, na riwaya hiyohiyo ndiyo aliyoigeuza sinema, lakini kaileta siku hizi, yule mwanamke ana simu, ana saluni, anaendesha gari, nikasema sawa, mambo ya vijana, tukaalikwa siku ya uzinduzi tukakaa mbele kabisa, mimi na suti yangu, nangoja pale pa kukumbatiana, mume akagonga mlango, mwanamke akachungulia dirishani akasema, "Karibu, lakini hapa ni kwangu. Kwako ni wapi?" halafu akarudi kumalizia kumsuka mteja, taa zikawaka, na mshauri, mtu wa kwanza kusimama na kupiga makofi ukumbi mzima alikuwa mke wangu!

Njiani nikamuuliza, "Mama watoto, makofi yale yalikuwa ya nini?"

"Yule dada kaigiza vizuri."

"Na mwisho ule?"

"Mwisho gani?" akaanza kutafuta funguo kwenye pochi. Kesho yake akaenda kuiona tena, na dada zake.

Nikampigia binti simu nimewaka, kwa nini umeharibu kitabu cha watu, badilisha mwisho kabla filamu haijasambaa. Akasema, "Baba, ule mwisho si wangu. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa ananisomea kile kitabu, akifika ukurasa wa mwisho anakifunga, ananisimulia wa kwake. Mimi wa kitabuni nimekuja kuusoma sekondari, nikadhani wamekosea kuchapa."

Tangu hapo usingizi sina. Chakula anapika, kicheko anacheka kama kawaida, lakini mwezi ujao nina safari na naogopa hata kushika begi. Je, mke wangu ananiacha? Na huyu binti nimlazimishe abadilishe?

Mchimba Visima

*

Mchimba visima, pole. Nimekupa moja, ya pili usiombe.

Binti mwache. Kitabu chako kipo palepale rafuni, hakuna aliyechana ukurasa, na anayetaka kukumbatiana mlangoni atakisoma. Yeye alilelewa na miisho miwili akachagua mmoja. Halafu hebu niambie ukweli, unataka kumsahihisha binti, au mama yake?

Sasa tuje kwa mkeo. Mwanamke anayetaka kuondoka hapigi makofi akiwa bega kwa bega na mumewe, anakusanya vyake kimyakimya. Huyu wako kasimama mbele ya watu, bado anataka asikike. Ulimpa kitabu ili akujue wewe! Yeye ulimuuliza kakionaje? Hukumuuliza. Basi akamwambia mtoto, maana mtu mzima hakuwepo, na alipokuwepo alikuwa amechoka. Na ulipopata nafasi ya kuuliza, ukauliza kama askari. Ulitegemea akujibu nini?

Hofu hiyo endelea nayo kidogo, imechelewa kukujia.

Jumamosi hii mpeleke sinema, ninyi wawili tu, na suti uiache kabatini. Mkitoka msikimbilie nyumbani, tafuteni mahali pa kukaa, umuulize, "Ungekuwa wewe, ungemfungulia?" Kisha funga mdomo. Akisema ndiyo, usishangilie, muulize kwa masharti gani. Akisema hapana, usinune, muulize hivyohivyo. Atakachotaja, kiwe kazi ya karibu au simu ya kila jioni, usijitetee. Anza kukifanya.

Na begi usiliguse kabla hujapata jibu. Bosi akiuliza, mwambie una mambo ya nyumbani. Akisema mambo ya nyumbani yanaweza kungoja, mwambie yameshangoja.