Mapigo Arobaini na Sita

Kaka Shabani,

Leo Jumapili, saa mbili asubuhi. Nakuandikia kwenye kaunta buku letu lilelile, kwa sababu kurasa zimebaki na sina mwingine wa kumwandikia humu. Miezi minne imepita. Mama hajaviondoa viatu vyako dirishani. Vimekauka vikajikunja, na bado anakataza mtu asivisogeze.

Watu walipokuja kutupa pole walisema, "Kapumzika." Nilitamani kuwatoa nje. Hukupumzika, kaka. Ulianguka Chumbageni, katikati ya mazoezi ya mbio, nami nyumbani nimeshika simu nasubiri kuandika muda wako.

Kazi hiyo ulinipa mwenyewe, maana ukijihesabu mapigo ulikuwa unajipunja au unajiongeza. Kila asubuhi kabla hujainuka kitandani nilikushika kifundo cha mkono, nikahesabu dakika nzima. "Karani, usinidhulumu," ulikuwa ukisema, macho umefumba. Nilichora safu nne: mapigo kitandani, muda wa mzunguko kutoka Makorora hadi Raskazone na kurudi, mapigo ukifika, na ulivyolala.

Miezi ya mwanzo daftari lilikuwa zuri. Mapigo ya kitandani yalishuka kutoka sitini na nne hadi hamsini na mbili, na muda wa mzunguko ukapungua pamoja nayo. Ulifika unacheka, ukala muhogo wa nazi sahani mbili, ukalala kama mtoto. Kuimarika ndiko kule. Sasa ndiyo najua.

Kisha ikaingia Ramadhani. Ukasema huachi, utakimbia jioni ili ukifika ukute uji wa futari umepoa. Mapigo yakashuka tena, arobaini na sita. "Andika kwa wino mwekundu," ukasema, nami nikaandika kwa wino mwekundu. Safu tatu zilizobaki zilikuwa zinaharibika mbele ya macho yangu, na kila moja tuliipa sababu. Muda umeongezeka: saumu. Hulali: daku. Umemfokea mama kwa chumvi ya mchuzi, wewe ambaye hukuwahi kumpandishia sauti: saumu tena. Na mapigo ukifika, yaliyozoea kupanda hadi mia na sabini, yakawa yanakwama mia na arobaini huku unahema umeegemea ukuta wa jirani. Ukasema moyo umekomaa, hauhangaiki tena. Mimi niliyefaulu biolojia kidato cha nne nikakubali.

Idi ikaja, tukala. Hapo ndipo nilipopaswa kurudi nyuma kurasa na kulinganisha, maana saumu ilikuwa imekwisha, na wewe bado mzito. Lakini kesho yake ukaanza kufunga sita za Shawali, nami nikaendelea kuandika "saumu" pembeni.

Halafu ile homa. Siku ya pili yake ulikuwa unafunga kamba za viatu.

"Kaka, si upoe kwanza?"

"Nikipoa nitarudi nyuma. Wewe kazi yako kuandika, Karani."

Ukaninyang'anya kalamu, na kwenye safu ya usingizi ukaandika mwenyewe: safi. Nilikuwa nimekusikia ukikohoa hadi adhana ya alfajiri. Nikaliacha neno lako pale, nawe ukatoka kwenda kuangukia Chumbageni. Nina hasira nawe kwa neno lile. Nina hasira zaidi na aliyeliacha.

Daktari alisema homa ilikuwa imeingia moyoni. Baada ya arobaini yako nilimpelekea daftari. Alipitisha kidole polepole. "Ukisoma safu moja, kijana anaimarika," akasema. "Ukisoma zote nne, anaisha." Hakuniambia kwamba uchovu ndio uliokuua. Alisema mtu mwenye homa hakimbii, hata aliye mzima, seuze mwili uliochoka vile. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaniuliza namsubiri nani.

Alhamisi alikuja Hamadi, mwenzako wa mazoezi. Mara mbili nilikuwa nimemkatalia kumhesabia mapigo. Safari hii alikuja na mkewe, akanyoosha mkono.

"Arobaini na saba, dada. Namkaribia marehemu."

Sikucheka. Nikamwambia akimbie hadi Usagara na kurudi. Alichelewa kuliko zamani, akafika anahema, na mapigo hayakupanda ipasavyo. Nikamuuliza mkewe, siyo yeye, analalaje. "Anageuka usiku kucha kama chapati," akasema. Nikafunga daftari.

"Wiki mbili hukimbii."

Alikasirika. Alisema nina gundu, kwamba tangu ufe kila mtu namwona maiti. Nikamwacha aseme. Asubuhi yake mkewe alinitumia ujumbe: viatu amevificha kwenye pipa la mchele.

Sikujua kwamba neno lile ni jepesi hivyo. Hukimbii. Lilinitoka bila hata kupandisha sauti, kaka, na wewe hukulisikia kwangu hata mara moja.

Ukurasa wako sitauchana. Ule wino mwekundu ubaki niuone. Na nakuahidi, sitaliacha tena kwenye daftari neno nililojua ni la uongo, hata kama aliyeliandika nampenda.

Kwaheri. Mungu akulaze mahali pema. Mimi nilitakiwa kukulaza kitandani tu, siku ile ya homa, nikashindwa.

Nduguyo,
Karani