Mama, Chombo Hakikufika Salama

Mama mpendwa,

Chamgei. Mguu wako umepata nafuu? Kaka Weldon ameniambia mvua ya mawe imepiga chai yote ya upande wa mto, na kwamba bado unaamka kukamua mwenyewe. Mwachie yeye hiyo kazi, ana mikono. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine ndiyo nakuandikia, maana kwa simu nimeshindwa.

Siku ile ulipopiga ukiwa na akina mama wa kanisa hapo Kiptere, ukauliza kama chombo chetu kimefika kwenye sayari, nilikujibu kimefika salama. Nikasikia mkianza kuimba. Nilikudanganya, Mama. Kilikuwa kimeshaanguka na kuvunjika kabla hujapiga.

Nikueleze vizuri, kwa sababu watu watakuuliza. Kule ni mbali hata ujumbe wetu unachukua dakika nyingi kufika, kwa hivyo chombo kikianza kushuka hakuna wa kukisaidia. Ni lazima kijiamulie. Parachuti inafunguka, lakini hewa ya kule ni nyepesi mno, parachuti peke yake haitoshi. Ndipo injini zinawaka kukipunguza mwendo, na miguu inakunjuka. Ndani ya miguu kuna vifaa vya kuhisi ardhi. Vikishahisi, injini zinazimwa. Vifaa hivyo ndivyo vilikuwa kazi yangu miaka hii sita.

Unakumbuka kurenet ya mtoto wa Weldon, siku ya kumpa jina, mlipokuwa mkiita majina ya wazee waliokufa ili mtoto apige chafya akikubali lake? Shangazi Taplelei alishika ugoro karibu mno na pua, mtoto akapiga chafya kwa jina la kwanza, wote mkashangilia. Wewe ulininong'oneza, "Huyo amejibu tumbaku." Basi ni hivyo hivyo. Miguu ilipokunjuka ilitikisika, kompyuta ikadhani hiyo ndiyo ardhi, ikazima injini chombo kikiwa bado juu, juu kuliko bomba la moshi la kiwanda cha chai.

Na mimi nilikuwa nimeona. Hiyo ndiyo inaniua. Kwenye majaribio mtikisiko huo ulitokea mara moja, nikamwambia mkubwa wetu, mzee wa mvi. Alikuwa na wageni. Akasema mbele yao kwamba ni sakafu tu ya jumba la majaribio iliyotikisika. Nilijua si sakafu. Lakini utamkataliaje mzee mbele ya wageni wake? Nikasema nitangoja nimpate kando, nimwambie kwa heshima, kama tunavyofanya nyumbani. Siku ikapita, wiki ikapita, mwishowe nikaona haya kufufua jambo la zamani. Na huku hakuna ambaye angenilaumu. Wenzangu hubishana na huyo mzee mchana kutwa, halafu wanakula pamoja.

Baada ya ajali alisimama akasema kosa ni lake, akaondoka na katoni moja ya vitu vyake. Nilienda kwa wachunguzi nikasema yote. Wakaandika, wakanishukuru. Afadhali wangenigombeza. Nimempigia mzee mara nyingi, hashiki simu. Chombo kingine hakitatengenezwa. Mwisho wa mwezi huu kazi inaisha, na nilikoomba kwingine wamenyamaza. Sioni mbele, Mama. Usiniambie Mungu ana mpango. Safari hii niache.

Nisalimie Weldon na mama watoto wake. Msalimie Shangazi, na bibi yangu Kogo umshike mkono kwa niaba yangu, yeye asielezwe mengi.

Nimesikia Pastor ametangaza ibada ya shukrani Jumapili ijayo, na kwamba umeshatoa fahali wa kuchinjwa. Mrudishe malishoni. Halafu usimame wewe mwenyewe uwaambie kwamba binti yako alidanganya. Najua nakubebesha aibu isiyo yako. Ningekuja nisimame mwenyewe, ila sina uso wa kuwaangalia. Pastor ni mtu mzima na atakuwa na wageni kutoka dayosisi. Atakuomba mambo hayo yangoje mpaka watu waende. Usikubali, Mama. Usingoje umpate kando. Sema hapo hapo, wote wakisikia.

Ni mimi binti yako,
Cherotich