Krokasi za Mama Hazikuchanua

Wommels, Friesland
12 Machi 1987

Mpendwa kaka Wytze,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi isiyotaka kuondoka. Goti lako linaendeleaje? Wifi Glenda na watoto hawajambo? Sisi tunajikongoja. Mume wangu Jelle aliteleza kwenye barafu akaumia kiuno, sasa anatembea kama bata, na ukimcheka ananuna siku nzima.

Kuhusu mama sitakuficha. Daktari anahesabu wiki, si miezi. Tumemhamishia kitanda chumba cha mbele, karibu na dirisha. Macho yake siku hizi huona rangi tu, na supu ya njegere akinywa vijiko viwili anasukuma bakuli.

Tangu Februari amekuwa na neno moja: "Siondoki mpaka nizione krokasi zangu." Unazijua, vile vimaua vya kwanza baada ya baridi, alivyovipanda kwenye nyasi za mbele mwaka alioolewa, vikazaana mpaka vikafika barabarani. Kila asubuhi ananiuliza kama zimetoka. Nami namjibu, bado, mama.

Kaka, kosa ni langu. Unakumbuka jinsi alivyokataza mashine ya nyasi isiguse pale mbele hadi katikati ya Mei, mpaka majani ya krokasi yajikaukie yenyewe? Alikuwa akisema maua yakishaisha ndipo majani yanapovilisha vile vitunguu vyake vya chini ya udongo chakula cha mwaka ujao. Baba alikata kwingine kote, pale akapaogopa.

Mwaka juzi mama alipolazwa kwa ajili ya nyonga, nyumba ikabaki mikononi mwangu. Unawajua watu wa hapa, Jumamosi kila mtu anafagia mpaka ukingo wa barabara. Sikukuu ya Malkia ya mwisho wa Aprili ilikuwa inakaribia, bendera zinatolewa, na jirani yetu Sietske akapita na baiskeli yake akapaza sauti: "Ee Baukje! Hapo mbele mnafuga sungura, au mnangoja ng'ombe waje kula?"

Niliona aibu, nikatoa mashine nikakata yote. Mwaka jana mama hakuwa na nguvu ya kunyanyuka kitandani, nikakata tena. Sietske akanisifu, nami nikafurahi kama mtoto. Majuto ni mjukuu.

Mwaka huu yametoka majani tu, membamba kama nywele. Ua hata moja hakuna. Sietske, ambaye hajui alichokisababisha, alileta bakuli la krokasi za sokoni. Mama alizitazama akasema, "Hizi zimepikwa kwa joto la ndani ya nyumba. Ziondoe, zinaniziba dirisha."

Juzi alipouliza, nilishindwa kumdanganya.

"Mama, hazitatoka. Niliyakata majani."

"Kwa sababu ya Sietske?"

"Ndiyo, mama."

"Mjinga wewe," akasema, wala hakukasirika. "Haya, funga pazia."

Afadhali angenitukana. Tangu hapo hajaziulizia tena, na supu haigusi kabisa. Nakaa jikoni nalia, Jelle ananiambia ni maua tu. Si maua tu. Ndiyo yaliyokuwa yakimwamsha.

Jana alasiri alifumbua macho akaniuliza swali moja: "Wytze anakuja lini?"

Barua yako ya kusema huwezi kutoka huko Tasmania, ng'ambo ya dunia, kabla matufaha hayajaisha kuvunwa mwezi Mei ninayo mfukoni mwa aproni. Nilimsomea yote isipokuwa sentensi hiyo. Sikukulaumu, najua shamba halina mtu mwingine. Lakini ukweli mmoja nimeshamwambia na umemlaza. Wa pili sikuuweza, kaka. Nimemwambia uko njiani.

Akasema nifungue pazia. Leo asubuhi amekunywa vijiko vinne.

Wasalimie wifi Glenda, Anke na Pieter mdogo. Jelle anakusalimu, na shangazi Hiske wa Bolsward naye anakuombea. Mungu akufungulie njia, iwe ya ndege iliyo karibu kuliko zote, maana mama sasa anatazama barabarani.

Ni mimi dadako nikupendaye,
Baukje