Fundi Akija Kung'oa AC

Binti yangu,

Fundi wa magari anakuja saa kumi. Ufunguo wa lile gari la zamani la mama yako uko kwenye droo ya vijiko. Mtoe paka kwanza, analala kiti cha nyuma.

Asubuhi fundi kaniambia, "Mzee, AC hii inaichosha injini bure. Tuing'oe, gari lipumue." Gesi yake ya kupoza wakubwa wameipiga marufuku, haipatikani tena. Wao wanapoa maofisini, sisi tuungue tu.

Najua utasema gari la kufungua paa AC ya nini. Marehemu mama yako alitaka upepo kichwani na ubaridi miguuni, maana sukari ilipomzidia nyayo zilimwaka moto. Nilimcheka wiki nzima, halafu nikamwekea.

~~Mwambie aing'oe.~~ ~~Mwambie aiache.~~ Sijui, mwanangu.

Fundi alipoondoka nilikaa garini nikabonyeza swichi ya AC, likatoka joto tupu. Hata hivyo nilishindwa kumpigia nimwambie ndiyo. Amua wewe. Ukikubali, aing'oe kabla sijarudi, na usinionyeshe mahali ilipokuwa.

Baba yako