Nyumba ya Mama Uliyowapa Watalii

Ampisikina, Mahajanga
Julai 1998

Kaka Ousséni,

Pweza mkavu amefika, asante. Mwanangu Koulsoum amejifungua salama, mtoto wa kike.

Mwenye nyumba wetu amepandisha kodi tena, mara ya tatu tangu Ramadhani. Chumba ni kimoja na sisi tuko watano. Nilikuomba ufunguo wa nyumba ya mama huko Nosy Be, nawe ukanijibu umeipangisha kwa watalii kwa sababu wanalipa vizuri.

Kwetu Wangazija nyumba hurithiwa na binti. Baba mwenyewe aliingia mle na sanduku la nguo, akatolewa kwa jeneza, na hakuwahi kusema ni yake. Wewe umepangisha nyumba ya nani?

Jumamosi tutavuka kutoka bandari ya Antsahampano kuja huko kisiwani na kichanga chetu. Waambie wageni wako wafunge virago.

Mimi dada yako, mwenye nyumba,
Zaïtoun